Neno na Mizani

Katika nyumba nyingi za Wakristo mna kitabu kimoja ambacho hupewa heshima kuliko vyombo vingine vyote. Pengine hufungwa katika kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, pengine huwekwa juu ya kabati mahali ambapo watoto hawafiki, na pengine hulazwa chini ya mto wa mgonjwa. Hutolewa siku ya ibada, siku ya arusi, na siku ya msiba. Kisha hurudishwa mahali pake. Heshima hii ni njema, lakini ina hatari yake. Mfalme aliyefungiwa katika chumba cha dhahabu ni mfungwa vile vile, na neno linaloheshimiwa hata lisiguswe haliwezi kumwongoza mtu kisimani, shambani, wala sokoni. Maisha ya mwanadamu ni siku zake za kazi. Kama Maandiko hayamo katika siku hizo, basi hayamo katika maisha yake, hata kama yamo katika nyumba yake.

Kitabu hiki hakikuingia katika Kiswahili kwa urahisi. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Katika mwaka ule ule aliwazika mkewe na mtoto wao mchanga, na katika mwaka ule ule alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohedin. Yafaa kukumbukwa kwamba maneno ya kwanza ya Biblia katika lugha hii yalipimwa na sikio la mwanachuoni wa Kiislamu, ambaye hakumnyima mgeni ujuzi wake. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1864, Edward Steere aliwasili Unguja. Aliketi na wenyeji wa mji akiuliza neno baada ya neno, na vijana waliokombolewa utumwani walijifunza kupanga herufi na kupiga chapa kurasa zilizofasiriwa. Mahali pa soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, Steere alisimamia ujenzi wa kanisa kubwa, na katika kanisa hilo alizikwa mwaka 1882. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891. Ya Kimombasa, mwaka 1914. Ya Karl Roehl, mwaka 1937. Na ile ya Muungano, iliyokubaliwa na makanisa mengi, mwaka 1952. Watu hawa hawakutaabika hivyo ili kabati za watu zipate pambo.

Fasiri hizo zilisafiri mbali na pwani. Alexander Mackay alifika Buganda mwaka 1878, na kabla Injili haijapigwa chapa kwa Kiganda, vijana wa jumba la mfalme walijifunza kuisoma kwa Kiswahili. Walioamini huko waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kusoma kukawa jina la kuamini. Mtu aliyetaka kujua kama jirani yake ni Mkristo aliuliza kama jirani huyo anasoma. Jina hilo lilikuwa na gharama. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu miongoni mwa wasomaji waliuawa, na tarehe 3 Juni 1886 wengine wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, walichomwa moto Namugongo. Biblia nzima ya Kiganda ilipokamilika mwaka 1896, ilitolewa pia kwa umbo jembamba na nene, ili itoshe katika mkebe wa biskuti, maana mchwa wa nchi ile hawakuwa na huruma na karatasi. Msomaji aliweza kukibeba kitabu chake katika mkebe bila ya hofu ya mchwa.

Mkebe huweza kuilinda karatasi. Lakini kuna mdudu mwingine ambaye mkebe haumzuii, naye ni mazoea. Mazoea huacha kurasa zote zikiwa nzima, herufi zote zikisomeka, na jalada liking'aa. Hula kile tu ambacho kitabu kiliandikwa kwa ajili yake. Msomaji wa namna hii hakosi siku, wala hakosi sura. Hukosa kusikia. Mtu wa namna hiyo alipatikana kusini ya ziwa lile lile ambalo Buganda iko kaskazini yake, katika nchi ya pamba, na habari yake inafaa kusimuliwa kwa sababu haikuishia hapo ilipoanzia. Jina lake si lazima litajwe.

Mtu huyu alikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha ushirika. Kila alfajiri, kabla ya jogoo wa pili, aliwasha taa yake, akaketi mezani, akafungua Biblia mahali alipoweka utepe mwekundu, akasoma. Alifuata mpango ambao Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee katika Scotland, aliwatungia waumini wake mwishoni mwa mwaka 1842, miezi michache kabla ya kufa kwake akiwa na umri wa miaka 29. Kwa mpango huo mtu husoma yapata sura nne kila siku, na mwaka ukiisha amelimaliza Agano la Kale mara moja, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili. Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189. Karani alikuwa amezipitia zote kwa miaka kumi na mmoja mfululizo. Kila tarehe 31 Desemba alitia alama ndogo ya wino nyuma ya jalada. Alama kumi na moja zilisimama pale kama askari katika mstari, naye alizitazama kwa furaha ambayo haikuwa na hatia yote, wala haikuwa safi yote.

Baada ya kusoma alikwenda kazini. Kazi ya mizani katika msimu wa pamba ni kazi ya jua, vumbi na makelele. Wakulima huja na magunia yao juu ya baiskeli, pikipiki, mikokoteni ya ng'ombe na vichwa vya wanawake. Gunia hutundikwa, mshale huyumba, karani husoma uzito, hutoa uzito wa gunia lenyewe, huandika katika daftari, na mkulima hupewa stakabadhi. Kila jambo hutegemea jicho moja na mkono mmoja. Gunia tupu lilikuwa na uzito upungufu wa kilo moja. Karani aliandika kilo mbili. Mshale uliposimama juu ya kilo arobaini na tatu na nusu, aliandika arobaini na tatu. Hakuna mkulima aliyelia kwa ajili ya kilo moja na nusu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo ya waweka akiba huwafaa wezi pia. Jioni ghala lilikuwa na pamba nyingi kuliko daftari. Ziada hiyo iliandikwa kwa majina ya watu ambao hawakulima, na malipo yake yaligawanywa baina ya karani, mtunza ghala na katibu. Waliiita posho ya jua.

Jambo hili lilikuwa chungu zaidi kwa sababu ya historia ya mahali penyewe. Vyama vya ushirika vya nchi ya pamba vilizaliwa kwa ajili ya mizani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe wasimame karibu na mizani za wanunuzi na kuzikagua. Kutokana na uchungu huo, Paul Bomani na wenzake waliviunganisha vyama vidogo vidogo, na mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika wa jimbo la ziwa. Babu ya karani alikuwa miongoni mwa wakulima wa wakati ule. Mjukuu wake sasa alisimama mahali pa yule ambaye babu yake alimlaani, akiwa amesoma sura nne alfajiri.

Asidhaniwe kuwa alikuwa mnafiki wa kukusudia. Mnafiki hujua kwamba ana nyuso mbili. Huyu alikuwa na nyumba mbili katika moyo mmoja, na mlango wa katikati ulikuwa umepigwa misumari. Katika nyumba ya kwanza alisoma kwa unyenyekevu, na pengine alitokwa na machozi alipofika katika mateso ya Bwana. Katika nyumba ya pili alipima pamba. Hapana kilichopita kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Alisoma ili amalize, na anayesoma ili amalize humshukuru Mungu kwa kila sura iliyokwisha, kama msafiri anavyoshukuru kwa kila kilima kilichobaki nyuma.

Mama yake aliishi naye. Bibi huyu hakujua kusoma. Alipokuwa mtoto alichunga ndama wakati wenzake wa kiume walipokwenda shule, na alipokuwa mtu mzima macho yake yaliharibika kabla ya nafasi kupatikana. Lakini alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi mjukuu wake, msichana wa miaka kumi, alisimama karibu na kinu kabla ya kwenda shule, akamsomea bibi mstari mmoja. Siku moja mtoto alitaka kuongeza wa pili, kwa kuwa ulikuwa mzuri. Bibi akamzuia.

“Mmoja unatosha, mjukuu wangu,” alisema. “Mmoja nitaubeba. Miwili itagombana njiani, nami nitaiangusha yote.”

Kisha aliurudia mstari huo kwa sauti mara tatu au nne, akiufuatisha na mapigo ya mchi, hata ukakaa. Akaenda nao shambani. Jioni, watu walipokuwa wakingoja chakula, alimwita mtoto akamwuliza swali ambalo halikubadilika: “Neno lilifanya kazi gani leo?” Naye alikuwa wa kwanza kulijibu. Siku ya mstari wa chungu na mvivu, alisema kwamba aliongeza matuta mawili baada ya mgongo kuanza kulalamika. Siku ya mstari wa kupatana na mwenye neno nawe kabla ya kutoa sadaka, alisema kwamba alipita nyumbani kwa jirani waliyegombana kwa sababu ya mbuzi, wakasalimiana, ingawa habari ya mbuzi ilikuwa bado. Na siku nyingine alikiri bila ya haya: “Leo neno lilikaa bure. Nililiacha chini ya mwembe, nikashinda na hasira zangu.” Mtoto alicheka, bibi naye alicheka, lakini kesho yake aliomba asomewe mstari ule ule tena.

Karani aliyasikia mazungumzo hayo kila jioni kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati. Aliyaona ni mchezo mwema wa kizee na mtoto. Yeye alikuwa na alama kumi na moja za wino.

Siku moja ya mwezi wa Juni, msimu ukiwa umeanza, msichana aliamka amechelewa. Hakutafuta mstari, alifungua Biblia ya baba yake palipokuwa na utepe, akasoma alipoangukia macho. Ilikuwa sura ya ishirini na tano ya Kumbukumbu la Torati, mahali ambapo watu wa Israeli walikatazwa kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo, wakaamriwa kuwa na jiwe timilifu la haki ili siku zao zipate kuwa nyingi katika nchi waliyopewa.

“Mawe mawili ya nini?” bibi aliuliza.

“Ya mizani, bibi. Moja la kununulia, na moja la kuuzia.”

Bibi alishika mchi bila ya kupiga. “Basi,” alisema, “hilo litatosha kwa leo.”

Jioni swali liliulizwa kama desturi. Bibi alisema kwamba alimpimia jirani karanga za mkopo, akakumbuka kutikisa kibaba zijae vizuri. Msichana alisema kwamba aligawana muwa na mwenzake, akampa kipande kirefu. Kisha mama akamgeukia mwanawe, jambo ambalo hakulifanya siku zote zilizopita.

“Na wewe, mwanangu? Neno lilitoka katika utepe wako. Lilifanya kazi gani mizanini?”

“Lilisomwa, mama,” karani alijibu.

“Kusomwa najua. Nauliza kazi.”

Haikujulikana, wala haijajulikana mpaka leo, kama bibi alikuwa na habari ya posho ya jua. Pengine wanawake walinong'ona kisimani. Pengine hakujua lolote, akauliza kwa kuwa swali lake halikujua kubagua. Karani hakujibu. Alikula kidogo, akaenda kulala, naye hakulala. Katika giza alihesabu jambo ambalo hakupata kulihesabu. Kwa mpango aliokuwa akiufuata, sura ile huangukia mwezi wa Juni, na Juni ni mwezi ambao mizani za pamba zimekwisha kufunguliwa. Kwa miaka kumi na mmoja neno lile lilimjia katika majuma yale yale ambayo mkono wake ulikuwa ukitenda kinyume chake. Lilimjia kama mjumbe anayebisha mlango wa nyumba ambayo mwenyewe yumo, naye mwenyewe kila mwaka alitia alama ya kwamba mjumbe amekuja.

Alikuwa na udhuru mwingi. Mshahara wake ulikuwa mdogo, tena ulichelewa. Watoto wawili wakubwa walikuwa katika shule za bweni. Kama angeacha yeye, mwingine angewekwa mahali pake naye angeendelea. Wakulima wenyewe hawakuwa malaika. Wengine walitia mchanga au maji katika pamba ili iongezeke uzito. Kila udhuru ulikuwa wa kweli, na zote pamoja hazikutosha kujibu swali la mwanamke asiyejua kusoma. Alfajiri mkewe alimkuta mezani, kitabu kikiwa wazi na taa imezimika. Akamweleza habari yote. Mkewe alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, “Ada ya shule tutailima.” Wala hakuongeza neno.

Siku ile, mbele ya watu waliopanga foleni, karani alitundika gunia tupu. Mshale ulipanda kidogo, ukasimama chini ya kilo moja. Akawaambia walio karibu watazame. Kimya kiliingia, maana kila mtu alianza kufanya hesabu katika kichwa chake, na hesabu za vichwa hazina kelele. Mzee mmoja akasogea akasema, “Litundike tena, mwanangu, macho yangu si mazuri.” Karani akalitundika tena. Tangu saa ile aliandika uzito kama ulivyo, na nusu kilo zikaanza kuonekana katika stakabadhi.

Gharama haikuchelewa. Mtunza ghala alimwambia kwamba amewatia wenzake kitanzi. Katibu hakumwambia kitu, na msimu uliofuata karani hakuitwa kazini. Hayo alikuwa ameyatazamia. Asiloliwaza ni ugumu wa kurudisha. Alikuwa amesoma mara nyingi habari ya Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliyeahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Sasa aliona kwamba yeye hawezi kurudisha hata mara moja. Daftari za miaka ya nyuma hazikuwa mikononi mwake, wakulima wengine walikuwa wamehama, na wengine wamekufa. Aliuza ng'ombe wawili kati ya wanne aliokuwa nao, akatembelea nyumba alizozikumbuka. Baadhi ya watu walizikataa fedha kwa adabu. Baadhi walizipokea wakamtukana. Mjane mmoja alizihesabu mara mbili, akazifunga katika ncha ya kanga, akasema kwa upole kwamba mwaka ule mwanawe aliacha shule kwa upungufu wa kiasi kama hicho. Karani hakuwa na la kusema. Fedha zilirudi, mwaka haukurudi.

Habari kama hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana Kampala, wakakaa pamoja na Maandiko wazi mbele yao, wakiyasoma kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea. Uamsho ulioenea kutoka Gahini katika Rwanda katika miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi, ulijulikana kwa nyimbo na ungamo, lakini majirani wasioamini waliutambua kwa alama nyingine. Vitu vilivyoibiwa vilirudishwa. Madeni yaliyosahauliwa yalilipwa. Mtu asiyejua herufi moja aliweza kuusoma ukurasa huo, kwa kuwa uliandikwa katika jembe lililorejea mlangoni mwake.

Lingekuwa kosa kudhani kwamba kisa cha karani kinawalaumu wanaosoma sana. M'Cheyne mwenyewe, alipowapa watu wake mpango wa mwaka mzima, aliwaonya juu ya hatari zake: kwamba usomaji waweza kuwa umbo tupu, kwamba msomaji aweza kujiona mwenye haki kwa kutimiza kipimo cha siku, kwamba wengine watasoma bila ya kuangalia, na kwamba kwa wengine utakuwa nira nzito. Karani alikuwa ameuchukua mpango, akaliacha onyo. Kanuni ya Benedikto ya karne ya sita nayo iliwataka watawa waimbe zaburi zote 150 katika kila juma. Lakini watawa hao hao walifundishwa pia kulitafuna neno moja polepole, kama ng'ombe acheuavyo majani kivulini. Wingi ni shamba, na neno moja ni jembe. Asiye na shamba hana pa kulima, na asiye na jembe hulitazama shamba tu.

Maandiko yenyewe yamekwisha kuonyesha mahali pa kuyaweka. Katika sura ya sita ya kitabu kile kile cha Kumbukumbu la Torati, wazazi waliagizwa wayanene maneno ya Mungu kwa watoto wao katika nyakati nne: waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo, na waamkapo. Tena waliagizwa wayafunge mkononi, wayaweke baina ya macho, na wayaandike katika miimo ya milango. Wayahudi mpaka leo hutia ngozi iliyoandikwa maneno hayo katika kijaluba kidogo kwenye mwimo wa mlango, na wengi hukigusa wapitapo. Yaangaliwe mahali hapo yalivyochaguliwa. Mkono ndio unaopima. Macho ndiyo yanayosoma mshale. Mlango ndio unaotenga nyumba na soko. Agizo hilo halikumtaka mtu atoke katika kazi zake akalitafute neno. Lililipeleka neno likakae katika viungo vya kazi.

Leo njia za kulipata neno zimekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Biblia nzima ya Kiswahili imo katika simu inayoingia mfukoni pamoja na funguo. Mistari huandikwa nyuma ya magari ya abiria, katika milango ya maduka na juu ya mashua. Na kuna wanaotumiwa mstari kila asubuhi bila ya kuuomba. Kijana wa mjini anaweza kusoma Zaburi katika basi akiwa amesimama, jambo ambalo lingewashangaza wasomaji wa mikebe ya biskuti. Neema hii si ya kudharauliwa. Lakini mstari uliopatikana bila ya jasho huondoka bila ya kuaga, na kidole kilichoufungua huufunga kwa haraka ile ile. Kinachopungua si neno. Kinachopungua ni mtu wa kuuliza jioni.

Hapo ndipo siri ya bibi ilipokuwa. Alilipata neno kwa sikio, kwa kuwa macho yalimnyima. Akalirudia kwa kinywa hata likawa lake. Akalifunga katika kazi aliyokuwa nayo, si katika kazi aliyoitamani. Na mwisho wa siku akatoa hesabu mbele ya mtoto, bila ya kuficha siku za hasara. Tena alikuwa na mpaka mmoja ambao wasomaji wengi huuvuka. Hakulichukua neno la siku akaenda kupimia watu wa nyumba nyingine. Mwenye kuyashika Maandiko kwa ajili ya makosa ya jirani anayo mawe mawili katika mfuko wake, kubwa la wenzake na dogo la nafsi yake, naye amevunja lile lile analolisoma.

Bibi alifariki miaka michache baadaye. Karani wa zamani sasa hulima pamba, naye katika msimu husimama katika foleni mbele ya mizani ya mtu mwingine, akaomba kwa heshima gunia tupu litundikwe kwanza. Bado husoma alfajiri, lakini nyuma ya jalada hapana alama ya kumi na mbili. Akimaliza kusoma huchagua mstari mmoja, huurudia kwa sauti, huenda nao shambani. Jioni binti yake, ambaye sasa amekuwa msichana mkubwa, humwuliza swali alilolirithi. Siku nyingine baba huwa na jibu. Siku nyingine husema kwamba neno lilikaa bure. Na zipo siku ambazo hutazama njia ya kwenda kwa yule mjane, akanyamaza, binti naye hangoji jibu, huondoka akaandaa chakula.

Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa wasomaji, na waliowaua walijua kwamba jina hilo lilikuwa na maana. Jina hilo lingali wazi kwa yeyote anayelitaka. Hupewa mtu baada ya kazi, jua likishuka, wakati mkono umekwisha kupima ulivyopima na mtoto anangoja kujibiwa.